Kwa Atupele, Anayekwenda Kuombea Wagonjwa

Atupele mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Wewe uko chumba cha pili, nakusikia unakunja nguo, na mimi niko hapa mezani, na mvua iko palepale ilipokuwa tangu asubuhi. Kwa hiyo hali zetu tunazijua. Kesho unapanda basi kwenda Mbeya, na kutoka hapo wenzako wa kanisani watakuchukua mpaka Sumbawanga. Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji na ya kutolala kwa watu usiowajua, mama yako amekwisha kuyasema, tena vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. Siyarudii.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo sijawahi kukusimulia lote, na kwa mdomo sitaliweza. Nikianza tu nitatoka nje kwenda kumwangalia ng'ombe. Najijua.

Siku ile mezani ulipotuambia, "Baba, nimetumwa kwenda kuombea wagonjwa," nilikuuliza, "Na nani?" Ukasema, "Baba, unajua na nani." Nikaendelea kula ndizi zangu. Ulidhani nimekasirika, na mama yako alidhani hivyohivyo. Sikukasirika, mwanangu. Nilichoka. Nilichoka kama mtu aliyepanda mlima akafika juu, akaambiwa alisahau kitu chini.

Wewe unakumbuka siku mama yako alipotembea. Umeisimulia kanisani kwenu mara nyingi, na watu wameniambia unaisimulia vizuri. Lakini ulikuwa darasa la tatu, na mtoto huona mbele tu. Acha nikuonyeshe na pembeni.

Baada ya mdogo wako Lusubilo tulipata mtoto mwingine, akafa siku aliyozaliwa. Mama yako alitoka kitandani kwa ajili ya maziko, akarudi, na baada ya hapo miguu ikamkataa. Haikuvimba, haikuuma. Ilikataa tu. Nilikuwa nambeba asubuhi kumtoa nje juani, pale penye migomba ya nyuma, na jua la hapa unalijua, unambeba mtu kumtoa na kabla hujakaa unambeba kumrudisha kwa sababu ya mvua. Hospitali walimpima. Waligonga magoti, wakachoma nyayo kwa sindano, hawakuona kitu. Daktari mmoja, mtu mpole, alinivuta pembeni akasema, "Mzee, huzuni nayo huwa inakaa mahali mwilini. Mfanyishe mazoezi. Mzungumze naye." Sikumwambia mama yako maneno hayo. Niliona kama nitakuwa namwambia kwamba anajifanya.

Mchungaji wetu alikuja kumwombea. Aliomba kama tunavyoomba sisi, kwa utaratibu, akimwomba Mungu atupe subira na mapenzi yake yatimizwe. Alipoondoka, mama yako akasema, "Anaomba kama mtu anayeogopa kusumbua."

Na mimi nilikuwa naomba hivyohivyo.

Ndipo mkutano wa injili ukaja mjini. Miaka ile ndiyo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Mitumba ilikuwa inamwagwa chini sokoni, mabasi ya watu binafsi yalikuwa yanapigiana honi kugombea abiria, na wahubiri nao walikuja na jenereta zao na spika kubwa kama makabati. Mama yako mdogo Tusajigwe, ambaye alikuwa amekwisha kuhama kanisa letu, alileta pikapu ya jirani yake kumchukua dada yake. Nilisema siendi. Lakini njia yetu ilikuwa tope tupu na pikapu haikuweza kupanda mpaka nyumbani. Ikabidi mimi nimbebe mama yako mgongoni mpaka barabarani, na nilipofika barabarani niliona haya kumpakia na kurudi kama mtu aliyepakia mzigo. Nikapanda. Hivyo ndivyo mzee wa kanisa alivyokwenda kwenye mkutano wa uponyaji. Sikusukumwa na imani wala na ubishi, ni tope tu.

Uwanjani tulisimama nyuma. Mhubiri alikuwa amevaa suti na mabuti ya mvua. Alisema, aliyeponya watu Galilaya hajastaafu. Watu wengi pale walikuwa wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha chai kama mimi, ambao tulikuwa tumeanza kusikia habari za kupunguzwa kazi, na neno hilo la kustaafu liliwafanya wacheke, na baada ya kucheka wakawa wake. Niliona jinsi ilivyotokea. Nilijiambia, huyu anajua kazi yake.

Kisha akasema wasioweza kusimama wasimame. Hakumgusa mama yako. Hakumwona hata kumwona. Mama yako alikuwa mgongoni kwangu, mdomo wake karibu na sikio langu, akimwita Mungu kwa lugha yetu ya nyumbani kwa kunong'ona, "Kyala, Kyala," kama mtoto anayemwita mtu aliyeko chumba kingine. Halafu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nishushe."

Nikasema, "Kuna tope."

Akasema, "Nishushe, baba Atupele."

Nikamshusha. Akasimama. Akanishika bega kidogo, akaliacha, akaanza kwenda mbele katikati ya watu, na wewe ukamfuata mbio ukiwa umeshika ndala zake. Hapo ndipo simulizi yako huwa inaishia, na watu wanaimba. Mimi nilibaki nyuma nikiwa bado nimeinama, mgongo wangu mwepesi, sijui mikono yangu niipeleke wapi. Nililia, mwanangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Baadaye baraza la wazee likaniita. Mchungaji alinieleza bila ukali. Alisema miujiza ilitolewa kwa mitume ili watu wajue kwamba wametumwa kweli, kama vile fundi anavyoegemeza miti kwenye ukuta mbichi. Ukuta ukikauka, miti huondolewa. Utume wa kanisa sasa ni Neno, na shule, na hospitali. Anayesimamisha tena miti anatuambia ukuta haujakauka.

Yalikuwa maelezo mazuri, na mpaka leo siwezi kuyapangua. Lakini nilikuwa namkumbuka babu yangu. Babu alibatizwa akiwa mtu mzima, na alipoulizwa kwa nini, hakuwahi kutaja mahubiri. Alikuwa na vidonda vya buba mwili mzima, watu wanamkimbia. Misheni wakamchoma sindano, vidonda vikakauka, akaenda kwao kuuliza ni Mungu gani huyo. Kwa hiyo hata kanisa letu hapa lilianza kwa muujiza, ila muujiza wetu ulikuja na sindano. Nilitaka kuliambia baraza hivyo. Neno lilifika kwenye meno. Lakini wote walikuwa wananiangalia kwa heshima, kama mtu ambaye bila shaka atafanya linalostahili, na walipouliza ni nani anakubali mama yako asikaribie meza ya Bwana kwa kuwa amefuata mafundisho mengine, mikono ilinyooshwa, na wangu ulikuwa mmojawapo.

Nilirudi nyumbani nikamkuta jikoni, amesimama, anapika. Akauliza, "Mmeamua nini?"

"Tumeamua."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akanipakulia chakula. Siku iliyofuata alikwenda kwenye kanisa la mama yako mdogo, na wewe ukaenda naye, na Lusubilo akabaki kwenda nami. Hivyo nyumba yetu ikawa inatoka Jumapili kwa njia mbili, moja ikipanda kuelekea Bulyaga, moja ikishuka.

Sasa nifike kwa mdogo wako.

Lusubilo alianza kuanguka kifafa alipokuwa darasa la pili. Wewe ulikuwa unamshikia kichwa, unakumbuka. Hospitali walimpa vidonge na wakatuambia asiache hata siku moja. Vilimsaidia, lakini vilimfanya asinzie darasani, wenzake wakawa wanamwita Babu. Aliumia kwa jina hilo kuliko alivyoumia kwa kuanguka. Halafu wewe ukaenda sekondari ya bweni, kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na mimi nikawa katika wale waliopunguzwa. Hospitalini nako tukaambiwa kila mtu achangie matibabu yake. Simlaumu mtu. Ila kulikuwa na wiki vidonge vipo na wiki havipo, hata kabla hajatokea mtu wa kumwambia aviache.

Mhubiri yule akarudi tena mjini. Lusubilo mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda. Alituambia sote wawili, "Mama alisimama. Na mimi nataka kuacha kuanguka." Utamwambia nini mtoto kama huyo, ambaye kila asubuhi anamwona mama yake anatembea? Nilimpeleka mimi. Safari hii tulikwenda mpaka mbele. Mhubiri aliweka mikono kichwani pake, akaomba kwa muda, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli, sikuona uigizaji hapo. Akamwambia, "Umefunguliwa. Ukirudi kwenye dawa, unamwambia Mungu ni mwongo."

Mama yako hakuvitupa vile vidonge. Hili nataka ulijue, kwa sababu kuna watu walisema alivitupa chooni. Aliviweka juu ya kabati. Mimi niliviona hapo kila siku na sikuvishusha.

Na Lusubilo hakuanguka. Mwezi ukapita, na mwingine, mvua zikakatika zikaanza tena, hakuanguka. Akawa mtu mwingine. Alikuwa wa kwanza kuamka. Alipanda miti, alibishana, alinishinda bao. Siku moja tulikwenda wote kuona Daraja la Mungu kule Kiwira, lile jiwe lililovuka mto. Akaniambia mwalimu wao amesema ni moto wa mlima ulioganda zamani. Nikamwambia wazee wanasema Mungu alilijenga. Akafikiri kidogo akasema, "Basi alilijenga kwa moto." Nilicheka njia nzima. Atupele, nilikuwa naanza kuamini. Sikumwambia mchungaji, sikumwambia hata mama yako, lakini nilikuwa nimeanza kuomba kwa sauti nikiwa peke yangu shambani, kama mtu asiyeogopa tena kusumbua.

Ndiyo maana nilimruhusu kumpeleka ng'ombe kijitoni peke yake. Zamani nisingemruhusu.

Ng'ombe alirudi mwenyewe. Nilishuka nikimwita. Nilimkuta amelala kifudifudi kwenye maji ambayo hayafiki magotini. Uso tu ndio uliokuwa majini, mwili ulikuwa kwenye nyasi.

Wewe shuleni uliambiwa ameteleza akazama. Nilimwomba mwalimu wako akuambie hivyo. Si uongo, lakini si yote, na umekaa na nusu hiyo miaka hii yote.

Kwenye msiba walikuja wachungaji wawili. Wa kanisa lenu alimwambia mama yako mdogo, nami nikiwa nyuma ya mlango nasikia, kwamba uponyaji hauwezi kukaa katika nyumba ambayo baba haamini. Na mchungaji wetu, kaburini, udongo ukiwa bado unatupwa, alihubiri juu ya manabii wa uongo. Mama yako alikuwa amekaa chini na akina mama wenzake. Hakuinua kichwa. Kila mmoja alikuwa na maelezo kwa nini mtoto wetu amekufa, na kila maelezo yalimwelekea mmoja wetu.

Na yule mhubiri mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ameondoka zamani, kesho yake tu baada ya mkutano, na jenereta yake na spika zake, kwenda mji mwingine. Sidhani mpaka leo anajua. Huenda anasimulia mahali habari za mtoto wa Tukuyu aliyefunguliwa kifafa, na anaisimulia kwa moyo safi. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote. Nikimtafutia ubaya siupati. Hakukaa tu.

Baada ya watu wa matanga kutawanyika, jioni moja nilimwambia mama yako neno. Nilimwambia, "Yuko wapi sasa huyo wako wa uwanjani?" Nilikuwa nimelitunza neno hilo, nimelinoa. Alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini.

Akasema, "Mimi nilitembea. Siwezi kusema sikutembea ili wewe upate nafuu. Na Lusubilo amekufa. Siwezi kusema hakufa ili mchungaji wangu apate nafuu." Akachukua kisu, akaendelea kumenya.

Nimekaa kwenye benchi la wazee nusu ya maisha yangu, mwanangu, na nimesikia mahubiri mengi ya upande wetu na wa upande wenu yakipenya kwa spika mpaka kitandani. Sijasikia lililo kweli kuliko hilo. Wewe umeona kwamba mama yako haendi tena mbele kutoa ushuhuda, na uliniuliza kama imani yake imepoa. Haijapoa. Ameshika vitu viwili visivyokaa pamoja, na hataki kuangusha hata kimoja, na mikono imejaa.

Sasa wewe unakwenda. Baraza liliniita tena wiki iliyopita. Waliniuliza kama nitakuzuia. Niliwaambia, "Mimi nilimlea, sikumwita. Kama ameitwa, hakuitwa na mimi." Mmoja wao akasema, "Basi pumzika kidogo na uzee wa kanisa, mpaka hili lipoe." Nikakubali. Safari hii sikuhitaji kunyoosha mkono. Nilitembea kurudi nyumbani kupitia Makandana, mvua inanyesha, na nikagundua sina uchungu wowote. Labda nitausikia baadaye.

Sijui kama umetumwa. Nakuambia kweli. Zamani ningejifanya najua, upande mmoja au mwingine. Mitume walitumwa na ishara, babu yangu akavutwa kwa sindano, mama yako akasimama kwenye tope bila kuguswa na mtu. Siwezi kuchora mstari hapo nikasema Mungu anaishia hapa. Lakini nimembeba Lusubilo kutoka kijitoni, na uzito aliokuwa nao siwezi kumwachia mtu yeyote aupake asali.

Kwa hiyo nikuombe tu, kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa mikono inayowekwa. Utakapomwombea mgonjwa, usiondoke kesho yake. Kaa. Kaa mpaka uone kilichofuata, hata kama ni kibaya. Akisimama, mfurahie, na usimfanye awe ngazi ya kukupandisha wewe. Asiposimama, uwe mtu wa kwanza kumletea maji, na usimtafutie sababu. Hasa usimtafute baba yake. Na dawa ya mtu usiiguse. Mungu akitaka kumponya, hazuiwi na kidonge. Ukijikuta unasema Mungu atakuwa mwongo ikiwa jambo fulani halikutokea, nyamaza hapohapo, maana umeanza kumwekea Mungu dhamana ambayo italipwa na mtoto wa mtu.

Na utakapokuwa huko peke yako, ukaomba na pasitokee kitu, na ukaomba tena na pasitokee kitu, na wenzako wakaanza kukuangalia, usijilazimishe kuona kisichokuwapo. Rudi nyumbani kama itabidi. Hakuna atakayekuuliza umeponya wangapi. Mimi nilikaa kazini kiwandani miaka mingi nikinyausha majani ya chai, na siku nilipoondolewa, mama yako hakuniuliza ni magunia mangapi.

Nilikuwa nafikiri nimemaliza, lakini mama yako ameingia sasa hivi na taa, akauliza ninaandika nini kirefu hivi. Nikamwambia ni barua yako. Nikamsomea sehemu yake, ile ya ndizi na kisu, kwa sababu niliona si haki kumwandika mtu bila yeye kujua. Alisikiliza amesimama, ameegemea mlango. Nilipomaliza akasema, "Ni hivyo." Nikamuuliza kama ana la kuongeza. Akaja akaiweka taa mezani.

Akasema, "Mwambie akiumwa aende hospitali."

Nikamuuliza, "Basi? Na maombi?"

Akasema, "Aombe njiani."

Nimeandika kama alivyosema.

Baba yako